Joseph Bazalgette na Mitaro ya London

Kila siku unaoga, unanawa mikono na kufua nguo. Maji uliyoyatumia huwa yamechukua taka kutoka mwilini mwako na nguoni mwako. Ukisha kuyamwaga huyaoni tena, na baada ya muda mfupi huyasahau. Hata hivyo maji hayo hayakupotea. Yamekwenda mahali fulani. Yakienda mahali pasipofaa, kama vile kisimani au mtoni ambamo watu huteka maji ya kunywa, yaweza kuleta maradhi na vifo vingi.

Katika somo hili utasoma habari za Joseph Bazalgette, mhandisi wa Kiingereza aliyetumia miaka mingi kuyapangia maji machafu ya mji mkubwa njia salama ya kupita. Utaona pia kwamba kanuni alizozifuata katika mji mzima ndizo azifuatazo fundi bomba anapojenga bafu moja la nyumbani.

Ujana wake

Joseph Bazalgette alizaliwa mwaka 1819 huko Enfield, kaskazini ya London, nchini Uingereza. Babu yake alikuwa ametoka Ufaransa, na baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la majini. Joseph alikuwa mtu mfupi, mwenye mwili mdogo, na afya yake haikuwa na nguvu nyingi.

Alipokuwa kijana alijifunza uhandisi, na sehemu ya mafunzo yake aliipata katika Ireland. Huko alifanya kazi ya kukausha ardhi yenye maji. Labda wewe utadhani kuwa hiyo ni kazi ya kuchimba tu. Sivyo. Mtu anayetaka kuyaondoa maji shambani hana budi kupima kwanza, apate kujua upande upi wa ardhi umeinuka na upi umeinama. Akichimba bila kupima, maji yatasimama palepale, au yatarudi yalikotoka. Somo hilo Bazalgette alilishika vizuri, na baadaye lilimfaa sana.

Mji uliojaa maji machafu

Mto Thames hupita katikati ya London na kuingia baharini upande wa mashariki. Zamani mitaro ya mji huo ilikuwa ya maji ya mvua tu. Kinyesi kilitiwa katika mashimo yaliyochimbwa chini ya nyumba au uani, na watu maalumu waliajiriwa kuyachota mashimo hayo usiku.

Tangu mwaka 1815 watu waliruhusiwa kuelekeza uchafu wa nyumba zao katika mitaro ile ya mvua. Wakati huohuo vyoo vya kuvuta kwa maji viliongezeka, na idadi ya watu nayo ikazidi kukua. Kufikia mwaka 1851 London ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Mitaro yote ilishuka mpaka mtoni, na hivyo uchafu wa watu hao wote uliingia katika mto Thames.

Tena, mto huo hupokea maji ya bahari. Ikiwa umewahi kukaa pwani, unajua kuwa bahari hujaa na kupwa. Maji yalipopwa, uchafu ulichukuliwa kuelekea baharini. Yalipojaa, uchafu uleule ulirudishwa mpaka katikati ya mji. Nao wakazi wengi walikunywa maji yaliyotekwa katika mto huohuo.

Kipindupindu

Matokeo yake yalikuwa ya kuhuzunisha. Ugonjwa wa kipindupindu uliingia London kwa mara ya kwanza mwaka 1832. Ulirudi mwaka 1848, na kufikia mwisho wa mwaka 1849 ulikuwa umeua watu zaidi ya 14,000 katika mji huo. Mwaka 1853 na 1854 ulirudi tena na kuua zaidi ya 10,000. Mtu aliyeamka asubuhi akiwa mzima aliweza kuwa amekufa kabla ya jua kuchwa.

Siku hizo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na harufu mbaya. Daktari mmoja aitwaye John Snow hakukubali. Mwaka 1854 alichunguza vifo vilivyotokea katika mtaa mmoja wa London, akaona kuwa wengi waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja la mtaani. Yeye alisema kuwa kipindupindu huenezwa na maji yaliyochanganyika na kinyesi. Lakini watu wachache tu walimwamini, naye alifariki mwezi wa Juni mwaka 1858, kabla rai yake haijakubaliwa.

Bazalgette naye alikuwa ameajiriwa mwaka 1849 katika tume iliyoshughulikia mitaro ya London. Mwaka 1856 alifanywa mhandisi mkuu wa bodi mpya iliyopewa kazi hiyo. Alichora mpango kamili wa mitaro, akaupima na kuukadiria gharama. Lakini wakubwa walibishana juu ya fedha, na juu ya mahali pa kuumwaga uchafu. Mpango ukabaki katika karatasi.

Kiangazi cha mwaka 1858

Katika mwezi wa Juni mwaka 1858 joto lilikuwa kali mno. Maji ya mto yalipungua, na uchafu ukabaki kingoni ukichomwa na jua. Uvundo ulienea mji mzima. Jengo la Bunge la Uingereza limesimama kandokando ya mto huo, na wabunge walishindwa kukaa katika vyumba vyao. Mapazia yalilowekwa katika dawa ya klorini ili kupunguza harufu, lakini haikusaidia sana.

Basi, yale ambayo vifo vya maelfu ya watu havikuweza kuyafanya kwa upesi, yalifanywa na uvundo uliowafikia wakubwa wenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoiruhusu bodi kukopa paundi milioni tatu, na Bazalgette akaanza kazi.

Mpango wake

Fikiri juu ya nyumba iliyoezekwa kwa bati. Maji ya mvua huteremka juu ya paa. Fundi akitundika mfereji ukingoni mwa paa, maji hayaanguki ukutani tena. Hukingwa na kupelekwa upande mmoja mpaka kwenye pipa. Bazalgette alifanya vivyo hivyo. Mitaro ya zamani ilishuka kuelekea mtoni. Yeye alijenga mitaro mikubwa iliyokatiza ile ya zamani, kutoka magharibi kwenda mashariki, pande zote mbili za mto. Mitaro hiyo mipya iliyakinga maji machafu kabla hayajafika mtoni, ikayapeleka mbali, mashariki ya mji.

Sasa angalia mambo manne aliyoyazingatia.

Jambo la kwanza ni mteremko. Maji hayapandi yenyewe. Huvutwa chini na uzito wake. Bazalgette aliipa mitaro yake mikuu mteremko wa kiasi cha sentimita 38 kwa kila kilometa moja. Ni mteremko mdogo ambao jicho haliwezi kuuona, kwa hiyo kila sehemu ilibidi ipimwe kwa uangalifu mkubwa. Kosa dogo lingeyafanya maji yatuame.

Jambo la pili ni umbo. Mitaro mingi aliijenga kwa umbo la yai, ncha nyembamba ikiwa chini. Kwa nini? Maji yakiwa machache katika mtaro mpana na bapa, hutandaa, hupita polepole na kuacha uchafu nyuma. Yakiwa katika sehemu nyembamba, hukusanyika, hupita kwa nguvu na kuchukua uchafu pamoja nayo.

Jambo la tatu ni vifaa imara. Alitumia matofali zaidi ya milioni 300, na saruji ambayo hukaza hata ikiwa ndani ya maji. Saruji hiyo ilikuwa ikipimwa nguvu zake kabla ya kutumiwa, na ile iliyoonekana dhaifu ilikataliwa.

Jambo la nne ni bahari. Mwisho wa mitaro maji machafu yalihifadhiwa katika matangi makubwa, yakafunguliwa mtoni wakati maji yalipoanza kupwa, ili yachukuliwe baharini, yasirudi mjini.

Palikuwa na tatizo moja. Sehemu nyingine za London ziko chini sana, na maji machafu yake hayakuweza kwenda mashariki kwa mteremko peke yake. Hapo Bazalgette alijenga nyumba za mashine. Mashine kubwa za mvuke ziliyapandisha maji hayo juu, kisha yakaendelea kuteremka yenyewe. Nyumba ya mashine ya Crossness, kusini ya mto, ilifunguliwa mwaka 1865. Ile ya Abbey Mills, kaskazini ya mto, ilifunguliwa mwaka 1868.

Mwaka 1866

Huenda unajiuliza kama kazi hiyo kubwa ilileta faida yoyote. Jibu lilipatikana kwa njia ya msiba.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London. Sehemu nyingi za mji, ambako mitaro mipya ilikuwa imekwisha kufanya kazi, zilipata wagonjwa wachache. Lakini mashariki ya mji, mahali walipokaa maskini wengi, mtaro ulikuwa haujamalizika. Huko maji ya kunywa yaliyoletwa na kampuni moja yalikuwa yamechanganyika na uchafu wa mto. Watu zaidi ya 5,000 walikufa.

Kwa hiyo watu waliona kwamba Daktari Snow alisema kweli: ugonjwa ulifuata maji. Bazalgette mwenyewe na wenzake walikuwa wamejenga mitaro ili kuondoa harufu. Hawakujua kwamba pamoja na harufu walikuwa wakiondoa vijidudu. Mwaka 1884 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alieleza waziwazi vijidudu vya kipindupindu ni vya namna gani. Baada ya mitaro kukamilika, London haikupata tena mlipuko mkubwa wa kipindupindu.

Mitaro ndani ya nyumba

Sasa tuondoke mtaroni, tufuate bomba mpaka ndani ya nyumba. Mtaro mkuu hufaa tu ikiwa kila bafu limeunganishwa nao vizuri. Wakazi wengi wa London waliogopa kwamba hewa chafu ya mtaroni ingepanda katika mabomba na kuingia vyumbani. Hofu yao ilikuwa na sababu. Hewa ya mtaroni yaweza kuwa na gesi zenye sumu, na nyingine huweza kuwaka moto.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kupatikana kabla Bazalgette hajazaliwa. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa, alipewa hataza kwa choo ambacho bomba lake la chini lilipindwa kama herufi S. Baada ya kila kuvuta, maji kidogo hubaki katika pindo hilo. Maji hayo huziba njia, na hewa chafu haiwezi kupita. Tutaliita jambo hili kizibo cha maji. Ukiona beseni la kunawia, tazama chini yake; utaona bomba limepinda namna hiyo.

Lakini kizibo cha maji chaweza kuvunjika. Maji mengi yanaposhuka kwa pamoja hulijaza bomba, nayo huvuta hewa iliyo nyuma yake. Ikiwa hakuna njia ya hewa kuingia, yatavuta maji ya kizibo yashuke nayo. Hapo pindo hubaki tupu, na hewa chafu huingia chumbani. Kwa sababu hiyo mafundi huunganisha bomba la hewa karibu na pindo, wakalipandisha mpaka juu ya paa. Bomba hilo huingiza hewa wakati maji yanaposhuka, na hutoa nje hewa chafu ya mtaroni.

Majaribio

Jaribio la 1. Chukua chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko. Kwa msaada wa mwalimu, toboa tundu dogo ubavuni, karibu na kitako, kwa msumari. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kisha funga kifuniko kwa nguvu. Ondoa kidole. Maji yanatokaje? Sasa legeza kifuniko. Utaona nini? Maji hushuka vizuri pale tu hewa inapopata njia ya kuingia.

Jaribio la 2. Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, wenye urefu wa meta moja na nusu. Pinda mpira huo hivi: mdomo wa kwanza utazame juu, mpira ushuke, upinde na kupanda, kisha upinde tena na kushuka chini mpaka kwenye ndoo. Mwenzako aushike usisogee. Tia maji machache mdomoni, yasifike pindo la juu. Yatabaki katika pindo la chini. Hicho ndicho kizibo cha maji. Kisha mimina maji mengi kwa haraka kwa kutumia faneli. Tazama pindo la chini baada ya maji kupita. Je, maji yamebaki au yamevutwa yote? Sasa toboa tundu dogo juu kabisa ya pindo la juu, urudie kumimina. Linganisha matokeo. Tundu lile linafanya kazi ya bomba la hewa.

Kupanga bafu

Mtu anayetaka kutengeneza upya bafu la nyumba yake na afanye kama Bazalgette: achore kwanza, achimbe baadaye. Bomba likisha kufunikwa kwa saruji, kulihamisha ni taabu na hasara. Katika mchoro wake aonyeshe mambo haya:

1. Mahali pa choo, beseni la kunawia na pa kuogea, na njia fupi ya kila bomba kufikia bomba kuu.
2. Mteremko wa kila bomba. Kwa mabomba madogo ya nyumbani, kiasi cha sentimita 2 kwa kila meta moja hufaa. Mteremko huu ni mkubwa kuliko ule wa mitaro ya Bazalgette kwa sababu bomba dogo lina maji machache, na maji machache hucheleweshwa zaidi na kuta za bomba.
3. Upana wa mabomba. Bomba la choo huwa na upana wa kiasi cha sentimita 10. La beseni huwa jembamba zaidi.
4. Kizibo cha maji kimoja kwa kila choo, beseni na pa kuogea.
5. Bomba la hewa, linalotokea juu ya paa, mbali na madirisha.
6. Mahali pa kuzibulia, hasa pale bomba linapokata kona.

Miaka yake ya mwisho

Bazalgette hakujenga mitaro tu. Kandokando ya mto Thames alijenga kingo kubwa za mawe, na ndani ya moja ya kingo hizo akapitisha mtaro mkuu. Sehemu maarufu kuliko zote ilifunguliwa mwaka 1870. Baadaye alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Kazi yake haikukosa kasoro. Uchafu uliondolewa mjini, lakini ulimwagwa mtoni bila kusafishwa, na watu waliokaa upande wa chini wa mto waliteseka. Mwaka 1878 meli ya abiria ilizama karibu na mahali hapo, na watu zaidi ya 600 wakafa. Watu wengi walilalamika juu ya uchafu wa maji yale. Baada ya hayo palianzishwa mbinu za kutenganisha takataka nzito na maji, na tangu mwaka 1887 takataka hizo zilichukuliwa kwa meli na kutupwa baharini. Siku hizi tunajua kwamba hata hilo halitoshi. Maji machafu hayana budi kusafishwa kabla ya kurudishwa mtoni au baharini.

Bazalgette aliendelea kuwa mhandisi mkuu mpaka bodi yake ilipovunjwa mwaka 1889. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 1891. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, lakini London ilisalimika. Mitaro yake ingali ikitumika hata leo, ingawa mtaro mpya wa kilometa 25 umejengwa kuisaidia.

Watu wengi wanaopita juu ya mitaro hiyo hawalijui jina lake. Lakini kila mtoto anayekunywa maji safi katika mji ule anafaidi kazi yake. Nawe kila unapomwaga maji uliyooga, jiulize yanakwenda wapi, na ni nani anayekunywa maji mahali yanapofika.

Mambo ya kukumbuka

1. Maji machafu huhitaji mteremko ili yaondoke yenyewe.
2. Kizibo cha maji huzuia hewa chafu isiingie chumbani.
3. Bomba la hewa hulinda kizibo cha maji.
4. Maji machafu na maji ya kunywa yasikutane kamwe.

Maswali

1. Kwa nini uchafu uliotiwa katika mto Thames ulirudi mjini?
2. Bazalgette alijenga mitaro yenye umbo la yai. Eleza faida ya umbo hilo.
3. Kwa nini mwaka 1866 watu wengi walikufa mashariki ya London kuliko sehemu nyingine?
4. Mtu amejenga bafu lenye vizibo vya maji, lakini hakuweka bomba la hewa. Ni jambo gani laweza kutokea?
5. Bomba la beseni lina urefu wa meta 3. Ikiwa mteremko ni sentimita 2 kwa kila meta, mwisho wa bomba utakuwa chini ya mwanzo wake kwa sentimita ngapi?
6. Chunguza maji machafu ya shuleni kwenu yanakopita, kuanzia yanapomwagwa mpaka yanapoishia. Chora ramani yake, uonyeshe pia mahali mnapoteka maji ya kunywa.